Mkono Chini ya Saruji

Jumatatu, 3 Juni 2019

Mvua asubuhi, jua adhuhuri. Ukuta wa Bi Luscombe umevimba tena!

Nimeutazama kwa darubini kutoka dirisha la jikoni. Uvimbe uko upande wa mashariki, kimo cha kiuno, kama tumbo la mtu aliyeanza kunenepa na bado anakataa. Wiki iliyopita ulikuwa mdogo. Nimefurahi. Hapana, si vizuri kufurahia ubovu wa ukuta wa jirani. Nimepata matumaini.

Niandike sababu, maana hakuna mtu ninayeweza kumwambia. Nyumba yake ndimo nilimozaliwa. Ni ya udongo mwekundu wa hapa hapa Nymet Combe, Devon, uliokanyagwa kwa miguu pamoja na mabua ya shayiri, na paa lake ni la mabua ya ngano. Mwaka 1938 babu yangu aliujenga upya ukuta wa mashariki. Udongo ukiwa bado mbichi alimnyanyua binti yake wa miaka sita, akamwambia abandike kiganja. Binti huyo alikuja kuwa mama yangu. Kiganja kilikaa pale miaka arobaini na mmoja. Kila Pasaka kilipakwa chokaa pamoja na ukuta mzima, na kila mwaka kikabaki pale pale, vidole vitano, cha shahada kimepinda kidogo.

Kisha mpumbavu mmoja akaja akapiga lipu ya saruji juu yake.

Mpumbavu ni mimi. Kijiji kizima kinajua kuwa ni mafundi kutoka Exeter. Kinajua hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekiambia.

Baba alipofariki nyumba iliuzwa kwa Bi Luscombe, mimi na Mama tukahamia hii ya matofali, ng'ambo ya njia. Mama naye ana miaka kumi na mmoja sasa kaburini. Nataka kuuona ule mkono. Sitaki kingine. Wanaume wenzangu wa umri huu wanataka mashua.

Mkakati: Bi Luscombe aibandue saruji kwa wazo lake mwenyewe, asijue kuwa ni langu.

Jumanne, 4 Juni

Nimemtembelea Bi Luscombe. Nilijipa moyo kwanza kwa glasi ya pombe ya tufaha. Hatujaongea vizuri tangu maonyesho ya mboga ya mwaka jana, niliponaswa nikipima boga lake kwa uzi kabla ya waamuzi kufika. Isitoshe, alinifundisha darasa la pili. Nina miaka hamsini na tisa na bado nikiingia kwake nachungulia kucha zangu.

Nikaanza kwa mbali. Nikasema hewa ya mwaka huu ina unyevu. Akakubali. Nikasema unyevu ni adui wa mifupa. Akasema mifupa yake haina shida. Nikasema, je, kuta? Akaweka kikombe chini, akasema ukuta ule umesimama miaka arobaini bila kumsumbua mtu, na kwamba wale mafundi wangu wa Exeter waliijua kazi yao.

Mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuisifu kazi ile! Na sikuweza hata kusema asante.

Alhamisi, 6 Juni

Mkakati wa pili. Kama ukuta unataka kuharibika polepole, usaidiwe.

Bi Luscombe alikuwa kwa daktari wa macho. Nikavuka na ndoo ya kumwagilia, nikamimina maji taratibu kwenye tako la ukuta, chini kabisa ya uvimbe. Ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili. Ya tatu nikasikia sauti kutoka mbinguni.

Haikuwa mbinguni. Ilikuwa paani. Mervyn Yelland, mwezekaji na fundi wa kuta za udongo, alikuwa amelala chali juu ya paa la Bi Luscombe akila mkate wake wa nyama. Nilisoma naye. Tangu utotoni yeye hupanda juu na mimi hubaki chini. Huita kila mtu kipenzi, hata ng'ombe.

"Kipenzi," akasema, "unamwagilia nini? Au unangoja ukuta uchipue?"

Nikamjibu namwagilia mawaridi.

Akachungulia. Akasema haoni mawaridi. Nikasema bado ni madogo sana.

Imenilazimu kwenda mpaka Crediton kununua mche wa waridi, na kuupanda pale mbele ya macho yake, na yeye akinielekeza toka juu jinsi ya kuchimba. Halafu Bi Luscombe akarudi, akaniona nimepanda waridi kwake, akaguswa moyo. Mervyn akapewa skonzi kwenye sahani za maua. Mimi nikapewa maji ya kunawa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeandika barua kwa ofisi inayosimamia nyumba za kale. Kwa mkono wa kushoto, ili wasinitambue! Nimesaini "Mkazi Mwenye Uchungu". Nimeeleza kuwa nyumba ya kihistoria inakufa ndani ya saruji huku wakubwa wamelala. Nimetumia neno "urithi" mara saba.

Barua nzuri sana. Nimesikitika kutuma nakala moja tu.

Jumatano, 19 Juni

Amekuja! Bi Thirza Godbold wa ofisi ya nyumba za kale, mwanamke mrefu mwenye viatu vya maana. Ametokea Suffolk, upande wa pili wa nchi, amehamia huku mwaka jana.

Amegonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka chini kwenda juu, kama daktari agongavyo kifua. Kila alipogonga palitoa sauti ya utupu. Akaeleza, na Mervyn akaitikia kwa kichwa kila neno: nyumba ya udongo inataka kofia na viatu, yaani paa lenye kingo pana na msingi wa mawe, na kati yake inataka ngozi inayopumua. Chokaa hupumua. Saruji haipumui. Maji yameingia kwenye nyufa za saruji yakakosa pa kutokea, na ukuta unazama ukiwa umesimama. Akasema saruji yote lazima itoke.

Nilitaka kuruka. Nikajikuna shingo badala yake.

Mervyn akasema aliyepiga lipu ile angefaa kuzikwa ndani yake, wima. Bi Luscombe akasema maskini, huenda hakujua. Nami nikasema, kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba watu wa Exeter ndivyo walivyo.

Kisha habari mbaya tatu, mfululizo. Ya kwanza, hakuna anayeruhusiwa kugusa hata punje ya ukuta ule mpaka kibali kitoke, na kibali ni wiki nane. Ya pili, Bi Godbold alitazama ng'ambo ya njia, akauona ukuta wa bustani yangu, ambao nao ni wa udongo na wa kale, na ambao nimeufunika kwa mabati. Akatoa daftari. Niyaondoe mabati yote niuezeke kwa mabua. Mwezekaji pekee hapa ni Mervyn.

Ya tatu, wakati wa kuaga alinipa bahasha, akasema ameirudisha kwa kuwa huenda ninaihitaji. Ilikuwa ile ya barua yangu. Nyuma yake, kama kawaida yangu, nilibandika kile kikaratasi chenye jina na anwani yangu.

Alikaa kunywa chai. Akapaka skonzi jamu kwanza, ndipo krimu juu. Hapa Devon, ambako krimu hutangulia! Bi Luscombe akageukia dirisha. Mervyn akainamisha kichwa kama yuko mazishini. Hakuna aliyesema kitu, maana ni mgeni. Akatuambia kwao nyumba zina mifupa ya mialoni, na lipu yake huchorwa maua kwa kitana ikiwa mbichi, kisha hupakwa rangi ya waridi. Akasema huku kwetu wekundu uko ndani ya ukuta na kwao uko juu, na akiamka asubuhi hutazama nje akisahau, akautafuta ule wa kwao. Nikaacha kumchukia. Nilitaka kumwambia hata mimi nautafuta wangu, uko hatua thelathini kutoka kitandani kwangu.

Jumapili, 14 Julai

Kibali bado. Joto. Waridi limeota, bila aibu.

Leo nimemkumbuka Mama vibaya. Enzi zile kila alipopita upande wa mashariki aligusa saruji mahali pale pale, kwa ncha za vidole, mara moja, akaendelea na ndoo yake. Nilidhani anakagua kazi yangu. Hata tulipohamia huku aliweka kiti chake dirishani kikielekea kule. Nilimnunulia televisheni kubwa. Akashukuru, akaendelea kutazama ukuta.

Sina picha ya mkono wake. Tulipiga picha ng'ombe, matrekta, na mimi nikiwa na kikombe cha mbio za magunia. Nani hupiga picha mkono?

Alhamisi, 15 Agosti

Kibali kimetoka! Mervyn anaanza Jumatatu.

Nimecheza peke yangu jikoni. Kisha nikakumbuka jambo nikakaa chini.

Mwaka 1979, kazi ilipokwisha, nilikuwa na miaka kumi na tisa na fahari tele. Nikachukua msumari nikaandika kwenye saruji mbichi, pembeni kabisa: C.T. 1979. Maandishi yako nyuma ya pipa la maji ya mvua. Pipa halijasogezwa miaka hiyo yote. Jumatatu Mervyn atalisogeza.

Jumapili, 18 Agosti

Aibu ya mwaka. Niandike haraka ipite.

Mkakati: saa tano asubuhi wote wako kanisani. Navuka na tindo na nyundo, nasogeza pipa, nazifuta herufi kwa tindo, narudisha pipa. Dakika kumi.

Pipa lilikuwa limejaa. Nikalisukuma kwa mgongo. Halikusogea. Nikalisukuma kwa miguu nikiwa nimeegemea ukuta. Likasogea. Likaanguka. Likamwaga maji yote kwenye viatu vyangu, likapinduka, likaipata njia, na njia yetu ni mteremko mpaka kanisani. Nililikimbilia. Mwanamume wa umri wangu, tindo mkononi, akifukuza pipa huku wimbo wa mwisho ukiimbwa! Lilisimama kwenye mlango wa kanisa kwa mshindo mmoja, na mlango ukafunguliwa.

Wakaja wote kunirudishia pipa. Wote. Wakasimama mbele ya ukuta. Mervyn akasoma herufi polepole, kama mtu anayelamba asali.

Nikasema Exeter ina akina C.T. wengi.

Bi Luscombe akavaa miwani. Akaisogelea ile T, ambayo kichwa chake kimekaa kama kofia iliyopigwa na upepo. Akasema, "Mwaka mzima nilijaribu kuinyoosha T hiyo, Clifford."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imefika miaka arobaini, nilikuwa nimeanza kuamini haina mwisho.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakicheka kwa heshima, wakisubiri wafike kwenye kona. Tukabaki watatu. Bi Luscombe akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikamweleza. Mama alikwenda kwa dada yake Bideford wiki moja. Nilikuwa nimejifunza uashi, nikaona aibu kuishi katika nyumba ya tope wakati rafiki zangu wana kuta laini. Nilitaka arudi akute nyumba mpya. Nikafanya kazi siku sita, sikulala vizuri hata siku moja. Nilipofika kwenye kiganja nilikiona. Nilikijaza kwa mwiko mimi mwenyewe, nikalainisha, nikasonga mbele.

Mama akarudi jioni na sanduku lake. Akasimama. Akaweka mkono pale kilipokuwa kiganja. Kisha akaniambia, "Umefanya kazi nzuri, Cliff." Akaingia kuchemsha chai.

Bi Luscombe akaniuliza kwa nini sikumwomba tu, siku zote hizi, hatua thelathini. Mervyn hakunitania, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Jumatatu, 19 Agosti

Mervyn ameanza saa mbili. Saruji inatoka kwa mabamba makubwa, inaachia kama ganda la yai lililochemshwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, na ukuta tunaujenga.

Nilimwonyesha mahali. Akaweka tindo ndogo, akagonga kama anabisha hodi. Bamba likaachia lote mara moja, akalipokea, akalilaza majanini. Nikatazama ukuta.

Hakuna kitu. Ngozi yote ya ukuta imetoka na saruji. Kuna udongo uliomeguka, maji, mabua meusi, na shimo la panya. Mkono haupo. Nimeuua mara mbili, mara ya kwanza kwa kuufunika, ya pili kwa kuufunua.

Nikakaa chini kwenye majani. Nililia, acha niandike hivyo. Nililia mbele ya Mervyn Yelland. Yeye akajifanya anatafuta nyundo aliyokuwa ameishika.

Ni Bi Luscombe aliyeita. Alikuwa amechuchumaa karibu na bamba, Mervyn alikuwa amelilaza kifudifudi, mgongo wake ukiangalia juu, umejaa tope. Alikuwa na bakuli la maji na mswaki. Anasugua. Udongo mwekundu ukatoka, weupe wa chokaa ukaonekana, kisha uvimbe mdogo. Akasugua zaidi. Kidole. Kingine. Vitano, vikitokeza juu ya saruji, vya mtoto wa miaka sita, cha shahada kimepinda.

Mwiko wangu ulikuwa umekijaza kiganja mpaka kwenye mikunjo. Kila mstari uko pale.

Niliweka mkono wangu juu yake. Ulikuwa wa baridi, umelowa. Mkono wangu uliufunika wote ukabaki na nafasi. Sijawahi kumshika Mama akiwa mdogo kuliko mimi.

Mervyn akasema, taratibu, "Ndiyo kazi pekee ya maana iliyowahi kufanywa na saruji yako, kipenzi. Usiiguse tena."

Jumanne, 27 Agosti

Wiki nzima tumekanyaga udongo. Peku, mimi na Mervyn, suruali zimekunjwa, tunazunguka kwenye rundo kama ng'ombe wa kupura nafaka, yeye akirusha mabua, mimi nikilalamika. Anasema nina miguu ya mjini. Namwambia miguu yangu ilizaliwa ndani ya ukuta huu. Magoti yananiuma na sijalala vizuri namna hii tangu nikiwa kijana.

Bi Luscombe aliniita niandike kwenye tabaka jipya, kwa kijiti. C.T. 2019. Amenifanya nirudie T mara mbili.

Ana wema mwingi. Mwaka huu sitapima boga lake. Labda kwa macho tu.

Jumapili, 1 Septemba

Mkono uko kwangu, juu ya meza ya jikoni, nimeutandikia taulo. Mervyn ameniagiza mambo matatu, akanihesabia kwa vidole: uwekwe ndani, uwe mkavu, na nisiukaribie na saruji mpaka nife.

Ni mtu mzuri lakini hafikirii mbali. Ndani nani atauona? Mama aliugusa kila alipopita na ndoo. Mkono wa ukutani unataka kuwa ukutani, nje, karibu na mlango, ili nami niuguse nikitoka na nikirudi. Nimeshachagua mahali. Nimeshachonga matofali mawili kupata nafasi yake.

Chokaa haishiki kwenye matofali haya. Nimejaribu asubuhi, imeanguka. Kwa hiyo nimekwenda Crediton, nimerudi na mfuko mmoja. Bi Luscombe alikuwa langoni akauliza ni nini. Nikamwambia mbolea ya waridi. Akasema nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Jambo moja tu linanisumbua. Upande ule unapigwa na mvua ya magharibi, na kidole kidogo kimeanza kumeguka ncha. Mvua mbili tatu kitakwisha. Kinahitaji kinga. Nimefikiri sana. Safu moja tu ya saruji juu yake, nyembamba, iliyolainishwa vizuri kwa mwiko.

Nitaanza kesho mapema, kabla Mervyn hajapanda paa lolote. Nimeunoa pia msumari wa kuandikia. Mama angesema nimefanya kazi nzuri.